Karatasi Bila Tele

Siku papa yangu, baba aliyenizaa, alipokuja kukaa kwangu hapa Beni, hakuuliza choo kiko wapi, wala hakuuliza atalala wapi. Alisimama katikati ya saloni ya kupokelea wageni na fimbo yake, akaiangalia televisheni yetu, ile tele ya bapa tuliyoitundika ukutani, akaiangalia namna mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyechelewa, kisha akanigeukia.

"Na karatasi yake iko wapi?"

"Karatasi gani, papa?"

"Karatasi ya biro. Ya tele."

Nikamwambia siku hizi hakuna mtu wa biro, ofisi ya serikali, anayepita kuuliza karatasi ya tele, hata watoto wanaangalia ndani ya simu, nani atawafuata wote? Hakunisikia, au alijifanya hakusikia. Kwa papa yangu hilo huwezi kulijua. Aliingiza mkono ndani ya koti lake la kahawia, lile lile alilofundishia miaka yote. Baridi ya Butembo ilimzoesha kulivaa, na joto la Beni bado halijamfanya alivue. Akatoa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na karatasi.

"Sisi yetu ni hii," akasema, akanipa.

Niliinusa kabla ya kuisoma. Ilinuka chaki, moshi wa kuni na sabuni ya kipande, na mara moja nikawa nimesimama jikoni kwetu Butembo, miguu baridi, nikimsikia mama anakwangua sufuria. Ningetaka kuwaambia kwamba nililia kwa mapenzi. Hapana. Nilikasirika. Karatasi ile niliijua, na yenyewe ilinijua.

Mama yangu amekufa zamani. Picha yake tunayo moja tu, ile ya kadi ya uchaguzi, uso mkavu kama wa mtu aliyekatazwa kucheka, na mama yangu hakuwa hivyo hata siku moja. Ninachokitamani, na ninakitamani mpaka leo hii nikiwa na watoto wangu mwenyewe, ni kumwona akisogea: ageuze shingo, afungue kinywa, aimbe. Na kulikuwa na siku moja, moja tu, ambayo mama alionyeshwa ndani ya tele. Mimi nilikuwa chumba kile kile. Sikumwona. Na nilifanya hata wengine wasimwone.

Ninyi wa umri wangu mnakumbuka ilivyokuwa. Tele ilikuwa kwa watu wachache, na groupe ya umeme ikianza kunguruma uwanjani kwa mtu, watoto wa mtaa mzima walijua ni wapi pa kwenda kubanana dirishani. Sisi nasi ilitufikia bahati. Papa mudogo, yaani mdogo wake papa, mfanyabiashara wa vitenge, alirudi safarini na tele mbili, akatuletea moja. Ilikaa kwetu siku tatu. Haikuwashwa, maana hatukuwa na groupe, lakini mama aliifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, na mimi nilipewa kazi ya kuifuta vumbi kila asubuhi. Niliifuta hata saa ambazo haikuwa na vumbi. Nilijiona humo ndani ya kioo cheusi, mdogo na mrefu shingo, nikajichekea.

Siku ya nne papa akaenda biro kuuliza sheria inasema nini. Mtaa ulicheka wiki nzima. Nani anaenda mwenyewe biro kuuliza? Watu wakimwona mtu wa biro wanapita njia ya nyuma, yeye papa anafunga tai anamfuata!

Agent aliyemkuta pale alikuwa mtu wa Kasai aliyetumwa kazi kwetu, mrefu, viatu vinang'aa hata wakati wa matope, Kiswahili chake kimeungwa na Lingala. Maneno yao papa alitusimulia mara nyingi, kwa hiyo nayajua kama niliyasikia.

"Mwalimu," agent alimwambia, "miaka ninakaa hapa, batu banakimbia hii biro. Wewe unakuja peke yako? Nzambe!"

Akamweleza kwamba mwenye tele nyumbani analipia kila mwaka na anapewa karatasi, na asiyekuwa na tele halipi kitu. Papa akafikiri juu ya mshahara wa mwalimu, ambao ulikuwa unakuja ukijisikia. "Basi," akasema, "sisi tutakuwa wale hawana." Jioni hiyo hiyo akaibeba tele kichwani, yeye mwenyewe, akairudisha kwa mdogo wake. Mama alibaki ameshika kitambaa chake cha kufuma. Akakifunika redio.

Mtu mwingine angeishia hapo. Papa yangu alirudi biro tena, kuomba karatasi inayoonyesha kwamba hana. Hakuna aliyewahi kuomba karatasi ya namna hiyo, lakini agent alicheka, akakaa kwenye mashine, akaipiga, akaigonga muhuri. Kwa hiyo mambo yakawa hivi: wenye tele wote wa mtaa wetu hawakuwa na karatasi, na sisi tulikuwa na karatasi, hatukuwa na tele.

Papa aliisoma mbele ya chakula, amesimama, baada ya ishara ya msalaba. Ilisema kwamba nyumba hii haina tele na haitumii tele, kisha ikataja watu wa nyumba: yeye mwenyewe, Kahindo bibi yake, Masika binti, Mumbere mtoto mwanaume. Kahindo ndiye mama, Masika ndiye mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona jina langu limepigwa kwa mashine, na muhuri wa zambarau umelikanyaga mkia. Nikaona haya, nikaona fahari, na nikaogopa, yote pamoja.

"Papa," nikauliza, "na mutu akikosea hii karatasi?"

"Mutu akisaini uongo, anaenda ku kasho, anafungwa," papa akajibu, akachukua kijiko.

Hilo peke yake labda ningelisahau. Lakini baada ya miezi kadhaa agent mwenyewe akaja kutembelea, eti kuhakikisha, na ukweli ni kwamba alipenda chai ya mama na viazi vya Lubero vilivyochemshwa na maganda. Alikula, akasifu, akaangalia kona zote nne kwa mchezo, hata chini ya kitanda. Alipokuwa anatoka akanifinya shavu.

"Wewe Masika! Siku nitakukuta unaangalia tele, ninabeba papa yako!"

Wakubwa wakacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Nilikuwa na miaka labda nane, na akili ya mtoto ikishika kitu inakishika kama mbwa na mfupa. Jina langu liko ndani ya karatasi. Karatasi inasema hatutumii tele. Kutumia tele ni kufanya nini kama siyo kuiangalia? Kwa hiyo nikiiangalia, popote, hata kwa jirani, papa amesaini uongo na kosa ni langu. Sikumwuliza mtu. Ningeuliza, wangejua kwamba Mumbere ameshaangalia mara nyingi dirishani kwa watu, na kosa lingekuwa limeshafanyika.

Rafiki yangu Kavira alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama yake aliuza nguo sokoni, walikuwa na tele na groupe. Nilikuwa ninaenda kwao kama watoto wote, ila niliingia kinyumenyume, nikakaa chini nikaipa tele mgongo. Masikio niliyaruhusu. Karatasi haikusema kitu juu ya masikio. Kavira alinisimulia yanayoonekana: "Sasa mwanaume anashuka ku farasi. Sasa anapiga ule mubaya. Sasa tembo inapita." Miaka mingi baadaye nilijua kwamba tembo hakuwepo, Kavira alinitilia tembo kila alipochoka. Mumbere nilimfunika macho kwa viganja vyangu, naye akaning'ata kidole, alama ninayo.

"Mwenye macho haambiwi tazama," Mama Kavira alikuwa anasema, "lakini huyu wa mwalimu tunamuambia, tunamuambia tena, na hatazami!"

Walidhani nina madaha ya mtoto wa mwalimu. Hawakujua jinsi nilivyotamani. Muziki ukianza nyuma yangu na watoto wote wakipiga kelele mara moja, shingo iliniuma kwa kujizuia. Nilikuwa ninaangalia nyuso zao, mwanga wa bluu unatembea juu yake, nikijaribu kusoma huko ni nini kinapita. Halafu nyumbani ninamwangalia papa anakula maharagwe yake salama, hajui nani anamlinda, na ninajisikia mkubwa.

Basi, ndipo televizyo ya mjini ilipokuja kurekodi misa kwenye parokia yetu. Mama alikuwa kwenye kwaya, na beti ya pili ya wimbo wa matoleo ilikuwa yake peke yake. Wiki mbili aliiimba juu ya sufuria, juu ya mabeseni ya nguo, mpaka papa akawa anasahihisha madaftari kwa mwendo wake. Alishona kitenge kipya. Viatu aliazima kwa Mama Kavira, vikambana, akaimba navyo hivyo hivyo. Wakatangaza kwamba misa itaonyeshwa Jumapili inayofuata, mchana.

Mimi ile Jumapili nilitaka mvua inyeshe, ngurumo zipige, groupe ya akina Kavira ife. Haikunyesha.

"Mama, hapana enda."

"Juu ya nini? Kuja uone mama yako anaimba! Mutoto gani huyu?"

Nikamwangalia papa aniokoe. Papa hakuwa anavaa viatu. Alikuwa mezani na madaftari yake. "Mimi ninamusikia kila siku," akasema, "kwendeni." Mnaona? Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa mwisho. Papa mwenyewe anajua sheria, haendi. Anamwacha mama aende kwa sababu anampenda, na atafungwa kwa ajili yake.

Saloni ya Mama Kavira ilijaa. Walimpa mama kiti cha mbele, cha heshima. Mimi nikakaa chini miguuni pake, mgongo kwa tele, uso kwake. Mumbere alikuwa mapajani mwake, na kwa siku hiyo nilimwachilia. Nilikuwa nimeshahesabu: wawili wetu wanaangalia, wawili hatuangalii, labda agent atatuhurumia.

Wimbo ukaanza. Watu wakapiga vigelegele kwa kuona paa la kanisa tu. "Ile ni Mama fulani! Ile kichwa ni ya nani?" Mama alikuwa ameweka kiganja kinywani. Nilimwona vizuri sana, maana mimi peke yangu nilikuwa ninamwangalia. Shingo imenyooka, macho yamekuwa ya msichana, na vidole vyake chini ya kidevu vinapiga mwendo. Beti ya kwanza, ya wote, ikaanza kwisha. Akateremsha mkono. Midomo yake ikafunguka kidogo, tayari, kama vile yule wa ndani ya tele hawezi kuanza bila yeye.

Na nje pikipiki ikasimama kwenye mlango wa uwanja.

Sikufikiri. Nilijua tu kwamba ni yeye, mwenye viatu vinavyong'aa, na mama yangu amekaa kiti cha mbele. Niliruka juu ya miguu ya watu, nikapitisha mkono nyuma ya meza, nikavuta waya. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, waya ukatoka na kipande cha plasta ya ukuta.

Alikuwa taximan. Alileta gunia la unga la Mama Kavira.

Sitawaeleza kelele zilizokuwa mle ndani. Mtu alinipiga kisogoni, sijui nani. Walihangaika na ule waya, wakaurudisha, tele ikakaa inakoroma na chenga-chenga, na uso ulipotokea ulikuwa wa padri, anatangaza ndoa. Beti ya mama ilikuwa imepita. Walisema misa itarudiwa Jumapili nyingine. Haikurudiwa.

Mama hakunipiga. Alimwachia Kavira Mumbere, akanishika mkono, tukatoka. Njiani, karibu na kisima, akasimama. "Sema," akaniambia.

Nikasema. Karatasi, jina langu, agent, kasho, masikio yanayoruhusiwa, kidole kilichong'atwa, yote. Mama alianza kucheka katikati. Alicheka mpaka akajishika tumbo, mpaka viatu vya kuazima vikamtoka, akabaki pekupeku. Kisha akaacha ghafla, akachuchumaa mbele yangu.

"Na ulikuwa unaogopa peke yako? Siku zote hizi?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Yoo, mutoto wangu." Akanifuta makamasi kwa kitenge kile kipya. "Hapana lia tena. Tele imekosa. Wewe utasikia."

Akaiimba beti yake pale pale, tunatembea, viatu mkono mmoja, mimi mkono wa pili. Hakuiimba kwa sauti ya kanisa. Aliimba polepole, na mwanamke mmoja aliyekuwa anateka maji akasimama na ndoo yake. Tulipofika mlangoni beti ilikuwa bado, basi tukasimama nje mpaka ikaisha.

Alikufa mwaka uliofuata, wakati wa mvua, homa ya siku nne. Sikuwa ninajua kwamba mtu mwenye sauti ile anaweza kufa kwa siku nne.

Nilipokuwa mkubwa nilienda kwenye televizyo iliyorekodi misa ile, kuuliza. Kijana mmoja mpole akanifungulia kabati. Akanieleza kwamba kaseti zilikuwa chache wakati ule, walikuwa wanarekodi juu ya nyingine, misa juu ya mpira, mpira juu ya misa. Nikasema asante. Nilikaa juu ya ngazi zao mpaka mlinzi akaniuliza kama ninaumwa. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini hawasemi kwamba mjukuu huyo hakui na haondoki nyumbani.

Sasa mtaelewa kwa nini, papa aliponipa karatasi ile hapa Beni, moyo wangu ulichemka. Na Jumapili iliyofuata niliwasha tele, misa ikatokea, naye kwenye kiti chake akaanza tena: "Zima kwanza. Karatasi haiko."

"Papa!" Sijawahi kumpazia sauti papa yangu, Mungu anisamehe. "Hiyo karatasi yako ilininyima mama!"

Nikamwambia yote. Mama hakuwa amemwambia kitu. Alikufa nacho, kuniheshimu. Papa alisikiliza mikono juu ya fimbo.

"Mimi nilisaini juu ya nyumba, Masika," akasema. "Sikusaini juu ya macho yako."

"Sasa ninajua, papa. Nilikuwa mutoto."

"Kwa hiyo ulikuwa unanilinda."

Nikazima tele. Papa akanyoosha mkono, nikamrudishia karatasi yake. Akavaa miwani, akainuka, akasimama wima na koti lake, na nikamtambua: ni papa wa saa moja na nusu asubuhi, mbele ya darasa, anaita majina.

"Masika."

Mwanamke mzima mimi, mama wa watoto watatu, nikajikuta nimesimama. "Niko."

"Mumbere."

"Yuko Lubero, papa, na viazi vyake."

"Basi tuweke yuko," papa akasema. Kidole kikashuka, kikarudi juu, maana kulikuwa na jina alilolipita. "Kahindo."

Akangoja. Aliinua kichwa, akaangalia upande wa mlango, namna alivyokuwa anangoja mtoto anayetoka mbali ambaye huenda bado yuko njiani. Hakulirudia jina. Alingoja tu.

Sina sauti ya mama. Yangu inakatika juu, na nilikuwa sijaiimba beti ile tangu nilipoisikia pale mlangoni. Niliimba hivyo hivyo. Papa akafumba macho, na vidole vyake juu ya fimbo vikaanza kupiga mwendo, ule wa kusahihishia madaftari. Nilikosea neno moja, akanirekebisha kwa midomo, nikaendelea mpaka mwisho.

"Yuko," papa akasema, akaikunja karatasi mara nne, akairudisha ndani ya koti.